Uwongo njoo, utamu kolea: kisa cha mjomba asiyependa michezo ya kuimba

Mjomba wangu ana miaka 72. Alisomesha Kiswahili katika sekondari za mkoa wa Tanga mpaka akastaafu, na tamthilia ndiyo iliyokuwa roho yake. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein anayo kichwani ukurasa kwa ukurasa. Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, aliwakaririsha watoto ambao leo ni mawakili na waganga wenye mvi. Lakini mwigizaji akiacha kusema akaanza kuimba, mjomba huinuka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Nimemwona akifanya hivyo tangu utoto wangu, na maji hayo humchukua mpaka wimbo uishe.

Oktoba moja alikuja London kumwangalia binti yake. Jumamosi mchana akaketi kwa muda wa saa mbili na nusu katika ukumbi wa Lyceum kutazama The Lion King, mchezo wa kuimba kuliko yote anayoweza kuitwa mtu. Hakuinuka hata mara moja kufuata maji. Alilia mara mbili. Mimi nilikaa kiti cha pili yake.

Nyumbani kisa hiki kimekuwa hadithi ya kuchekea: mzee kalegea, mjukuu kamlainisha. Siyakubali maelezo hayo. Mjomba ni msomaji mkali, na mtu wa aina hiyo akibadili hukumu yake kuna kitu amekiona. Nimekichambua kwa sababu nataka kujua alichokiona ni kipi.

Kwanza msimamo wake kabla hajaingia ukumbini. Alikuwa na hoja tatu, na alizitaja zote ndani ya treni kutoka Barking.

Hoja ya kwanza ni ile ya kila anayeichukia fani hii: watu hawaimbi katikati ya ugomvi. Mtu akifiwa haangalii kwanza kama ngoma zimeshaanza kupiga.

Ya pili ilikuwa ya maisha yake mwenyewe, na ndiyo iliyonigusa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilienea mashuleni, na mshairi Mathias Mnyampala ndiye aliyezipa nguvu. Mjomba alizikariri akiwa mwanafunzi, kisha akazifundisha akiwa mwalimu. Hana ubaya na ngonjera yenyewe, maana ni majibizano na yeye anapenda majibizano. Kilichomkaa rohoni ni siku za wageni. Watoto wamesimama juani tangu saa mbili asubuhi, mgeni anafika saa saba, na hapo lazima waimbe kwa bashasha kama waliokula wakashiba. Alisema, "Wimbo ule si wimbo, mwanangu. Ni saluti." Tangu hapo kila amwonapo mtu jukwaani akiimba huku akitabasamu, anawaona wale watoto.

Ya tatu ilihusu majina ya wahusika. Binti yake alikuwa amempa kijitabu cha mchezo, naye ameshatoa penseli. Simba, sawa. Rafiki, sawa. Sarabi, sawa, ni mazigazi, ingawa sijui nani humwita bintiye mazigazi. Pumbaa ni kitenzi. Shenzi ni tusi. Mufasa na Nala akayawekea alama ya kuuliza, na Banzai akalikata kabisa, akasema hilo ni la Kijapani. Alikuwa anakwenda kusahihisha. Alitarajia kuona Afrika iliyokatwa na kushonwa na watu wasiofika, ikiimba kwa furaha.

Lakini kuna jambo halikunitulia. Mjomba huyu ni wa kizazi kilichojaza sinema ya Majestic pale Tanga mjini kutazama picha za Kihindi. Mama amenisimulia jinsi alivyokuwa akirudi macho yamevimba. Nikamwuliza, kwa adabu, "Mjomba, na picha za Kihindi je? Si mle wanaimba mvuani, wanaimba gerezani, wanaimba wakifa?" Akatazama dirishani. "Zile mbali," akasema. Nikangoja sababu, haikuja.

Kwa hiyo adui yake hakuwa wimbo. Nilijua hilo kabla pazia halijafunguliwa, ila sikujua adui ni nani.

Lyceum iko Mtaa wa Wellington, hatua chache kutoka barabara ya Strand, na mchezo huu umo humo tangu mwaka 1999. Viti vyetu vilikuwa chini, mjomba ukingoni kabisa mwa njia kwa sababu ya goti lake. Alivaa kofia ya kiua na koti alilolikopa kwa mkwewe. Mjukuu wa miaka tisa alikaa upande wangu wa pili, si upande wake, na hili nitalirudia.

Mchezo unaanza kwa mwanamke mmoja. Uso umepakwa rangi, amesimama peke yake, anapaza sauti kwa Kizulu. Hakuna okestra inayomtangulia wala maneno ya kukaribisha. Anatangaza kwamba simba anakuja, ingonyama, na wito wake unaishia kwa neno ambalo halihitaji mfasiri kutoka Durban mpaka Tanga: baba. Sauti nyingine zikamwitikia kutoka pembeni mwa ukumbi, juu, gizani. Mjomba akageuza kichwa. Nilimsikia akilirudia kwa sauti ndogo: "Baba." Penseli ilikuwa bado mkononi.

Jua likapanda nyuma ya jukwaa, jua la vipande vya hariri, unaviona vikitikisika. Twiga wakapita, na kila twiga ni mtu mmoja aliyefungwa milonjo minne, miwili ya miguu na miwili ya mikono, shingo imesimama juu ya kichwa chake. Wengine waliingia wakisukuma swala juu ya magurudumu, wengine wakipeperusha ndege kwenye fimbo ndefu. Kisha nyuma yetu watu wakaanza kugeuka, kwa sababu ndovu alikuwa anashuka kwenye njia ile ile aliyokaa mjomba.

Alivuta goti ndani. Ndovu akapita karibu kiasi cha kumgusa, na hapo mjomba hakutazama mkonga wala masikio. Alitazama chini. Miguu minne ya ndovu ni watu wanne, na ukiwa umekaa ukingoni unaona nyayo zao zikikanyaga zulia kwa zamu, pole pole, ili mnyama asiyumbe. Akaniinamia sikioni.

"Hawakuwaficha," akasema.

Hilo ndilo neno lililofungua kisa chote. Mchana mzima nililibeba, na mpaka leo naona lina uzito kuliko machozi yaliyofuata.

Aliyeongoza mchezo huu ni Julie Taymor, Mmarekani aliyeishi Indonesia miaka kadhaa katika miaka ya 1970 akijifunza vinyago na vikaragosi. Alipopewa kazi ya kuigeuza katuni ya Disney kuwa mchezo wa jukwaani, kwenye kumbi za Broadway, New York, mwaka 1997, njia rahisi ilikuwa kuwavika waigizaji manyoya wawe simba. Yeye alikataa kuwafunika. Kinyago cha simba kinakaa juu ya kichwa cha mwigizaji, na uso wa mwigizaji unabaki wazi chini yake. Unaona nyuso mbili kwa wakati mmoja, ya mnyama na ya mtu. Vinyago vya wale simba ndugu wawili, mfalme na mdogo wake mwenye wivu, vinashuka mbele ya uso wanapotaka kupigana, kisha vinarudi juu. Anayemwendesha Timon, yule mnyama mdogo mchekeshaji, amesimama nyuma ya kikaragosi chake, mwili mzima wa kijani, hajifichi. Nyika ni wachezaji waliobeba majani vichwani. Ziwa ni kitambaa cha mviringo sakafuni, na ukame ukija kitambaa hicho kinavutwa polepole kupitia tundu la katikati mpaka maji yote yanaisha machoni pako.

Mtu aliyekulia Tanga ana kitu cha kulinganisha. Utotoni mjomba alikwenda na wenzake kwenye mashamba ya mkonge, ambako vibarua wa Kimakonde walicheza ngoma zao siku za mapumziko. Aliona mapiko, vile vinyago vinavyovishwa kichwani, na aliona watu wakicheza juu ya milonjo. Wakati wa mapumziko ya mchezo alinieleza kwa kirefu, chai inapoa. Mapiko yanaficha. Nguvu yake yote imo katika kutojua ni nani aliye ndani, na mtoto ambaye hajapita jandoni haruhusiwi kujua. Yeye aliogopa, akakimbia. "Hawa wamefanya kinyume," akasema. "Wananionyesha mtu, halafu wananiomba nimwone ndovu. Na mimi namwona! Nani kanilazimisha? Hakuna."

Nani kanilazimisha, hakuna. Ukiziweka pamoja hoja zake za ndani ya treni utaona kwamba jambo lililokuwa likimwudhi muda wote ni kulazimishwa. Katika mchezo wa kuimba wa kawaida, jinsi alivyoujua yeye, kila kitu kinajifanya ni maisha ya kweli: nyumba ya kweli, nguo za kweli, mazungumzo ya kweli. Ghafla watu wale wa kweli wanaimba, na wewe unatakiwa usishangae na tena ufurahi. Hukuombwa ruhusa. Mchezo huu uliomba ruhusa katika dakika tano za mwanzo, ukaonyesha mikono yake yote, na baada ya hapo wimbo haukuwa ajabu kuliko ndovu mwenye viatu.

Na huo ndio mkataba wa ngano. Bibi, yaani mama yake mjomba, hakuanza hadithi hata siku moja bila kuomba. "Hadithi, hadithi!" Nasi tunaitikia: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!" Tumeukaribisha uwongo kwa jina lake, mlangoni, na kazi tuliyoupa ni kukoleza utamu. Baada ya hapo sungura anasema, zimwi linaomba maji, na hakuna mtoto anayehoji.

Ndani ya ngano hizo bibi alikuwa akiimba, katikati kabisa ya maneno. Kumbuka hadithi ya msichana aliyesahau kombe lake pwani, akarudi peke yake, zimwi likamkamata likamtia ndani ya ngoma. Likawa linazunguka vijijini, linapiga ngoma, na msichana anaimba humo ndani, watu wanalipa chakula. Mpaka siku moja linafika kijiji cha kwao, mtoto anaimba, na mama anaijua sauti ya mwanawe. Sasa uondoe wimbo. Hakuna hadithi. Mtoto angebaki ngomani.

Nilimtajia mjomba ngano hii tukiwa kwenye treni ya kurudi. Akanyamaza vituo viwili. Mchana ule alilia mara mbili, na mara ya pili ilikuwa penye jambo linalofanana na hilo. Simba mdogo, aliyekwishakua na kukimbia kwao, anaambiwa na Rafiki, yule mwanamke wa mwanzo ambaye ni mganga, ajitazame majini, baba yake yumo ndani yake. Wanaimba. Gizani vinaonekana vipande vya nuru vinavyoelea huku na huku, huwezi kujua ni nini, kisha vinasogeleana na kuwa uso mmoja mkubwa: uso wa baba. Kila kipande kimeshikwa na mtu. Kijana anamtambua mzazi ndani ya wimbo kama mama alivyomtambua mtoto ndani ya ngoma. Mjomba alivua miwani. Sikumtazama zaidi, haikuwa heshima.

Wenye fani hii wana kanuni yao ya kazi: hisia ikizidi maneno, mtu aimbe, ikizidi wimbo, acheze. Mjomba aliikataa kanuni hiyo kwa hoja yake ya kwanza, kwamba watu hawaimbi katikati ya ugomvi. Hapa namheshimu lakini nampinga. Yeye ni mtu wa Tanga. Ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, mji ambao mwanamke mwenye neno na jirani yake hakwenda kulisema mlangoni kwake. Alingoja taarabu. Ubeti ulipofika, aliinuka na noti mkononi, akatembea taratibu mpaka kwa mwimbaji, akamtunza, akageuka, na ukumbi mzima ukajua nani kapewa ujumbe. Ugomvi umepiganwa kwa wimbo, tena wa kutungwa na mtu mwingine. Na kama hakupata taarabu alivaa khanga yenye jina la kutosha. Sisi watu wa pwani tunaimba katikati ya ugomvi hasa, kwa sababu kuna maneno ambayo yakisemwa yanavunja nyumba na yakiimbwa yanapita. Nilipomwambia hivi alijibu kwamba taarabu ni taarabu. Hoja yangu bado ipo.

Nirudi kwenye machozi ya kwanza, kwa kuwa nilikuwa karibu na niliona vizuri. Mfalme amekufa. Simba majike wanakuja jukwaani, wanawake, vinyago juu ya vichwa, na wanaanza kuomboleza. Hawalii kwa sauti ya kuigiza. Kila mmoja anapeleka mkono kwenye jicho la kinyago, anashika ncha ya utepe mweupe, anauvuta. Utepe unatoka, unatoka, unashuka mpaka kifuani, na hauishi haraka. Ni kitambaa tu. Mjomba alikuwa ameshikilia ukingo wa kiti cha mbele. Nadhani kama mwigizaji angetoa machozi ya kweli pale, mjomba angetafuta maji ya kunywa.

Lugha nayo ilichangia. Mjomba anasoma Kiingereza vizuri sana, ila Kiingereza kinachoimbwa mbio kinampita. Sehemu nzito za mchezo huu haziko kwa Kiingereza. Lebo M, mzaliwa wa Soweto aliyetoka Afrika Kusini akiwa kijana wa miaka ya 1970, ndiye aliyeleta kwaya za Kizulu na lugha nyingine za kusini, na jukwaani zimepewa nafasi kubwa kuliko zilivyokuwa kwenye filamu. Mjomba hakuelewa kila neno, lakini alikuwa kama mtu aliyekaa sebuleni kwa ndugu wa mbali: silabi anazijua, mizizi anaibahatisha. Nyimbo mashuhuri za Elton John na Tim Rice, zile ambazo ukumbi mzima ulizingoja, hazikumpa kitu. Ule wa mapenzi aliutazama kama anayesubiri basi. Timon na Pumbaa walipoingia na utani wao alisinzia kabisa, na "hakuna matata" ilimwamsha tu kwa sababu ni Kiswahili. Akafumbua jicho moja: "Kwetu tungesema hamna neno." Akalifumba.

Haya nayataja kwa sababu yanapima maelezo mengine. Kama angekuwa amelainishwa na mjukuu, angefurahia sehemu alizozifurahia mjukuu. Mjukuu alicheka na Timon, babu akalala. Mjukuu aliogopa fisi, babu akawahesabu. Nao hawakukaa pamoja. Kama ni ugeni wa jumba na taa, ugeni huwa mkubwa mwanzoni kisha hupungua, lakini chozi zito lilikuja sehemu ya pili ya mchezo. Wengine wamesema alitarajia kidogo mno, kwa hiyo chochote kingempendeza. Nalo linawezekana kidogo. Ila baada ya wiki mbili binti yake, kwa furaha ya kudhani baba amebadilika, alimwekea kwenye televisheni mchezo mwingine wa kuimba, wa wapenzi wa mjini na paa za nyumba. Matarajio yake safari hii yalikuwa mema. Dakika ya kumi na tano nilimsikia jikoni akifungua bomba la maji.

Hakubadilisha dini, basi. Alikutana na mchezo uliotimiza sharti ambalo hakuwahi kulitamka, na picha za Kihindi zilitimiza sharti hilo kwa njia yao: pale Majestic hakuna aliyejifanya kwamba kijana na binti wanaobadilisha nguo mara nne katika wimbo mmoja ni majirani wa kweli. Uwongo ulikuwa umekaribishwa tangu mlangoni. Hiyo ndiyo sababu niliyoingoja ndani ya treni, na nilipompa mwenyewe alisema, "Huenda." Kwa mwalimu yule, huenda ni alama ya juu.

Majina hakuyasamehe. Kijitabu amerudi nacho Tanga kikiwa na alama zake za penseli, na anasema mtu anayepata nguvu ya kujenga ndovu wa namna ile asikose nauli ya kumwuliza Mswahili mmoja. Namuunga mkono moja kwa moja. Nchi ile ya jukwaani haipo: Kizulu kinaimbwa chini ya majina ya Kiswahili, na majina mengine hayana kwao. Uzuri wa kazi ile hauondoi kasoro hiyo. Alikuwa pia na neno kuhusu yule mdogo wa mfalme, ami aliyemwua, kwamba Shakespeare alishampitia katika Hamlet, kwenye ufalme wa Denmark, na kwamba siku zote wanaowaua wafalme hula nao sahani moja.

Mwezi uliofuata mke wa binamu yangu alinitumia video fupi kutoka Tanga. Ni jioni, barazani, majirani wamekaa na vikombe vya kahawa, na watoto wamejazana kwenye ngazi. Mjomba anasimulia. Amefika kwenye kifo cha mfalme. Anainuka kwenye mkeka, goti linamsumbua, anasimama. Anasema, "Sasa majike wakaja." Anachukua ncha ya leso iliyokuwa imefichwa nyuma ya miwani yake, anaanza kuivuta kutoka jichoni, polepole, na anaimba, sauti ya mzee isiyozoea kuimba, wimbo usio na maneno. Mtoto mmoja kwenye ngazi anaitikia.